Mashine ya kupandia: tuchukue ya kipimo gani?

Maneno ya komite mbele ya mkutano mkuu, kabla ya kura juu ya sanduku la vifaa

Hatutazungusha maneno. Sanduku letu la vifaa liko na feza, mvua za mwezi wa tisa ziko karibu, na lazima tuamue tutanunua mashine gani ya kupandia mahindi na maharagi. Wengine wetu wanataka ile kubwa ya mistari minne, inayofungwa nyuma ya trakta. Wengine wanasema tubaki na jembe na kamba kama wazee wetu. Mlituma komite ichunguze. Tumechunguza, tumepima, tumehesabu, na leo tunaleta jibu.

Lakini kwanza tuseme ukweli juu ya yale yaliyotupata msimu A uliopita. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tuliumwa.

Tulivyokosea

Mnakumbuka tulikodi trakta pamoja na mashine ya mistari minne. Mwenye nayo alitupa maneno matamu, na sisi komite tukamlipa nusu ya feza kabla hajafika. Hapo tulikosea mara ya kwanza. Mashine ilikuwa ije mvua zikianza kushika. Ikachelewa siku nane, sababu ilikuwa bado inapanda kwa watu wengine walioko na mashamba makubwa kuliko yetu. Sisi wadogo tukangoja.

Ilipofika, siku ya kwanza ilituletea furaha. Iliingia shamba lile la kando ya barabara, lililo sawa kama meza, halina kisiki hata kimoja. Jua halijawa kali, shamba limekwisha. Watoto walikimbia nyuma ya trakta, na sisi wakubwa tukapiga makofi. Siku ya pili ikavuka kijito. Mashamba ya upande ule, wote tunajua historia yake. Tulipokimbia vita kwenda Tanzania, yalibaki bila mtu. Miaka zaidi ya kumi pori limekula shamba. Tuliporudi tulikata miti, lakini mizizi na visiki vilibaki chini ya udongo. Mashine haikufika mbali. Mguu mmoja unaofungua mfereji ulipinda, mnyororo ukakatika. Tukangoja piesi siku tatu. Piesi ilipokuja, mvua kubwa ilikuwa imenyesha na trakta ikazama kwenye matope. Mwishoni mashine ilipanda hektari 5 katika hektari 22 tulizokuwa nazo, ikaenda zake, na ile nusu ya feza haikurudi.

Hektari 17 zilizobaki tulizipanda kwa jembe, mbiombio, kila mmoja na mbio zake. Wenye nguvu walimaliza kwanza. Wasio na nguvu walibaki nyuma. Shamba la shangazi yetu mmoja, mjane, ari 40 tu, lilipandwa siku ya 26 tangu mvua zishike. Mahindi yake yalikuwa bado machanga wakati viwavi jeshi vilikuwa vimekwisha kuongezeka kwa majirani. Alivuna magunia mawili.

Katika mkutano wa mavuno shangazi yetu huyo alisimama. Hakupiga kelele. Alisema hivi: "Nilitoa mchango yangu sawa na nyinyi wote. Sasa muniambie, wakati munapanga zamu, munanihesabu mimi ni memba ao ni mgeni? Juu mvua haingoje mutu." Hakuna aliyejibu. Maneno haya tunayowaletea leo ndiyo jibu la swali lake, hata kama limechelewa.

Bomba moja na bomba nne

Sisi wote tuliishi kambini. Mnakumbuka foleni ya maji. Bomba likiwa moja, hata kama maji yanatoka kwa nguvu, bidoni za watu mia zinapangwa mstari mmoja, na likiharibika, watu wote mia wanalala na kiu. Bomba zikiwa nne, hata kama kila moja inatoa maji kidogo, foleni ni fupi, na moja ikiharibika watu wanahamia kwa zingine tatu.

Mashine ya kupandia ni vile vile. Mtu akiiona dukani anauliza: ina nguvu gani? Sisi tunasema hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: mtu wa mwisho kwenye foleni atapanda siku gani? Mahindi ya mtu wa kwanza hata kwa jembe yatapandwa kwa wakati. Kipimo cha mashine kinatafutwa kwa kumtazama mtu wa mwisho.

Hesabu ya siku

Tuanze na siku. Mvua zikishika vizuri, tunataka mbegu yote iwe chini ndani ya majuma mawili. Baada ya hapo kila siku inayopita inapunguza mavuno, na viwavi vinapata majani laini ya kula. Majuma mawili ni siku 14. Lakini siku 14 za kalenda si siku 14 za kazi. Toa siku 2 za kusali. Toa siku 3 ambazo udongo utakuwa umeloa sana, haupandiki. Toa siku 1 ya salongo ao ya msiba. Zinabaki siku 8.

Tuko na hektari 22: hektari 19 ni za familia zetu 38, wastani wa nusu hektari kwa kila familia, na hektari 3 ni shamba la pamoja. Gawa 22 kwa siku 8. Unapata hektari 2 na robo tatu kwa siku. Hiyo ndiyo kazi tunayotafutia mashine. Kifaa kinachofanya pungufu ya hapo hakitoshi. Kinachofanya mara nne ya hapo ni feza iliyolala.

Sasa tutazame vifaa kimoja kimoja.

Jembe na kamba. Mahindi tunapanda sentimita 75 kati ya mistari, sentimita 50 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo. Kwa kipimo hicho hektari moja iko na mashimo karibu 26,700. Tulipima kwa saa: watu wawili, mmoja anachimba, mwingine anatia mbegu na kufunika, wanatumia sekunde 4 kwa shimo. Ni karibu saa 30 kwa hektari, ama saa 15 kwa nusu hektari. Ukifanya saa 6 kwa siku, umemaliza kwa siku mbili na nusu. Kwa hiyo tusidharau jembe. Familia iliyo na watu wawili wenye nguvu inapanda nusu hektari ya mahindi kwa wakati bila mashine yoyote. Shida iko kwa familia zisizo nao. Tumezihesabu, ziko 11: wajane, wazee, wagonjwa, na wale ambao vijana wao wako mbali.

Shida ya pili ya jembe ni maharagi. Kwa sentimita 40 na sentimita 20, hektari moja ya maharagi iko na mashimo 125,000. Nusu hektari ni mashimo 62,500. Kwa mwendo ule ule wa sekunde 4, ni saa 69, yaani siku 11 na zaidi kwa watu wawili. Hapo jembe linashindwa hata kwa wenye nguvu. Wengi wetu msimu B tunapanda maharagi robo tu ya shamba, tunasema udongo umechoka. Kumbe kilichochoka ni mgongo.

Mdomo wa kuku. Hili ni jina tulilokipa sisi wenyewe. Ni kifaa cha mkono chenye miguu miwili ya mbao na mdomo wa chuma chini. Mtu anasimama wima, anachoma udongo, anafungua mikono, mbegu zinaanguka, anapiga hatua. Kule Brazil wakulima wadogo wamekitumia siku nyingi. Tuliazima kimoja, tukakijaribu kwenye shamba la pamoja. Mtu mmoja, bila kuinama, alitumia sekunde 3 kwa shimo. Ni saa 22 kwa hektari, ama nusu hektari kwa siku mbili. Fahamuni hapo: kazi ya watu wawili kwa siku mbili na nusu imekuwa kazi ya mtu mmoja kwa siku mbili. Kisiki hakikisumbui, mtu anakizunguka tu. Hakitumii mazutu. Kikivunjika, fundi wa mbao na fundi wa chuma wa hapa hapa wanakitengeneza. Ubaya wake: udongo ukiloa sana mdomo unaziba, na mtu anaweza kuendelea kuchoma udongo akidhani anapanda, kumbe mbegu hazitoki.

Mashine ya gurudumu, ile ya kusukuma. Hii inapanda mstari mmoja. Gurudumu likizunguka, sahani ya ndani inadondosha mbegu. Hapa hesabu si ya mashimo tena, ni ya kutembea. Hektari moja ya mahindi, kwa mistari ya sentimita 75, ni mita 13,300 za mstari. Mtu anatembea kilomita 13 na zaidi. Kwa mwendo wa kilomita 2 na nusu kwa saa ni saa 5 na kidogo. Ongeza nusu yake kwa kugeuka, kujaza mbegu na kuondoa majani yaliyonasa, unapata saa 8. Kwa siku ya saa 6, ni robo tatu ya hektari. Kwenye maharagi ndipo inaonyesha thamani yake: nusu hektari ambayo jembe lilidai siku 11, hii inamaliza kwa siku moja na kidogo. Lakini inadai shamba lililolimwa vizuri, udongo laini, bila visiki wala mabua mengi. Kule ng'ambo ya kijito, msiipeleke.

Trakta ndogo ya magurudumu mawili, ile mtu anatembea nyuma yake ameshika mikono, na mashine ya mistari miwili. Njia ya kuhesabu mashine yoyote ya kukokotwa ni hii, na vijana waiandike: chukua upana kwa mita, zidisha kwa mwendo kwa kilomita, gawa kwa 10. Unapata hektari kwa saa, kama mashine haisimami kamwe. Lakini inasimama, kwa hiyo chukua asilimia 60 tu. Mistari miwili ni mita 1 na nusu. Kwa mwendo wa kilomita 3, karatasi inasema hektari 0.45 kwa saa, shamba linasema 0.27. Kwa saa 6 ni hektari 1.6 kwa siku. Si mbaya. Inaweza pia kulima na kuvuta kigari cha mizigo. Lakini peke yake haifikishi hektari 2 na robo tatu kwa siku, inadai dereva aliyefundishwa, mazutu, na piesi za karibu. Hatujawa na fundi anayeijua.

Mistari minne nyuma ya trakta. Upana mita 3, mwendo kilomita 5: hektari 1.5 kwa saa kwenye karatasi, 0.9 shambani, hektari 5 na zaidi kwa siku. Kwa karatasi, hektari zetu zote 22 zinakwisha kwa siku nne na kidogo. Ndiyo maana ilitudanganya.

Kwa nini karatasi ilidanganya

Trakta na mashine yake vinahitaji nafasi ya kugeuka, tuseme mita 8 kila upande. Kwenye shamba la nusu hektari, mita 100 kwa 50, nafasi hiyo ya kugeuka inakula mita za mraba 800 katika 5,000, karibu sehemu moja ya sita. Hapo bado unaweza kuvumilia, unairudia kwa jembe. Lakini wengi wetu hatuko na nusu hektari mahali pamoja. Tuko na ari 10 hapa, ari 15 kule, kwa sababu ya urithi uliogawanywa na ardhi tuliyopewa tuliporudi. Shamba la ari 10, mita 50 kwa 20, linapoteza mita za mraba 320 katika 1,000. Karibu theluthi moja ya shamba ni mahali pa trakta kugeuka tu! Hiyo hatukuiambiwa, na sisi hatukuuliza.

Tena kuna palizi. Kamba hukatikia pembamba, na mahali petu pembamba si kupanda peke yake. Mtu mwenye nguvu anapalilia ari 4 ao 5 kwa siku. Hektari moja inadai siku 20 mpaka 25 za mtu mmoja, na palizi ya kwanza haitakiwi kupita majuma matatu tangu mahindi yaote. Mashine ikipanda hektari 5 kwa siku moja, hizo hektari 5 zitaota pamoja na zitalia palizi pamoja. Ni zaidi ya siku 100 za mtu mmoja, zote katika majuma yale yale. Nani atakuja? Wamama ndio watakuja, kama kawaida, na watoto wataacha masomo. Hektari uliyopanda ukashindwa kuipalilia, umewapandia magugu.

Kwa hiyo hata wakituletea ile mashine bure kesho, kwa mashamba yetu ya leo tungeikataa, ama tungempa jirani mwenye hektari 50 zilizo sawa.

Yale komite inaomba mpigie kura

Tununue midomo ya kuku 8 na mashine za kusukuma 2. Hesabu ni hii. Mdomo mmoja unapanda hektari 0.27 kwa siku. Minane ni karibu hektari 2.2. Mashine mbili za kusukuma ni hektari 1.5. Jumla ni hektari 3.7 kwa siku, na sisi tunahitaji 2.75. Mtauliza, juu ya nini tunaongeza? Ni kwa sababu vifaa vinaharibika na watu wanaugua. Midomo miwili ikivunjika na mtu mmoja akifiwa, bado tutamaliza ndani ya siku 8. Feza itabaki sandukuni kwa mbegu na kwa piesi, na hatutakopa mahali popote.

Familia 38 zitagawanyika vikundi 8, watu wanaokaa karibu: vikundi 6 vya familia 5, na vikundi 2 vya familia 4. Kila kikundi mdomo mmoja, na mtunzaji mmoja anayeandikwa jina. Mashine mbili za kusukuma zitaanza kwenye shamba la pamoja na mashamba ya upande wa barabara, halafu zitasaidia vikundi vilivyobaki nyuma.

Na zamu? Hapa ndipo tunamjibu shangazi yetu. Katika kila kikundi, familia isiyo na nguvu inapandiwa siku ya kwanza. Si kwa huruma. Ni kwa hesabu. Familia yenye nguvu, zamu yake ikichelewa, iko na jembe na mikono, itajipandia kwa siku mbili na nusu. Familia isiyo na nguvu, zamu yake ikichelewa, haina njia ya pili. Ukianza na dhaifu, wote wanamaliza. Ukianza na mwenye nguvu, wengine hawamalizi. Mwaka jana tulifanya kinyume, na tunaomba msamaha mbele ya mkutano huu.

Kabla ya kuingia shambani

Kununua ni kitu kimoja, kupanda vizuri ni kitu kingine. Kila kikundi kitafanya mambo haya.

Chagueni mbegu. Punje kubwa na punje ndogo zikichanganyika, tundu la sahani litadondosha tatu mahali pamoja na kuruka mahali pengine. Chekecheni, toeni punje ndogo, zilizovunjika, na takataka.

Pimeni kabla. Mdomo wa kuku: choma mara 20 juu ya gunia lililotandikwa, halafu hesabu mbegu. Mnatakiwa kupata kama 40. Mkipata 55 ao 25, rekebisheni tundu. Mashine ya kusukuma: pimeni mita 10 kwenye uwanja mgumu, isukumeni, mhesabu mahali mbegu zilipoanguka. Kwa sentimita 50 ziwe mahali 20. Ukiona 15, basi robo ya shamba lako itakuwa wazi, na utaijua baada ya siku saba wakati mbegu imekwisha.

Shikeni udongo mkononi, mfinye. Ukitoa maji ama ukishikamana kama udongo wa mfinyanzi, ngojeni kesho. Ukishikana kidogo halafu ukavunjika ukiusukuma na kidole, pandeni.

Fukueni mashimo machache kila mstari wa tano. Mahindi yawe chini kwa sentimita 4 ao 5. Hapo mtajua pia kama mdomo umeziba. Na jioni, mashine ioshwe, ikaushwe, chuma kipakwe mafuta. Mbegu isilale ndani, panya hawasamehe.

Neno kwa vijana

Vijana wetu walituambia katika mkutano mdogo: "Wazee, tutashika vifaa vidogo mpaka lini? Wenzetu dunia nzima wako na trakta." Swali ni zuri, na hatutaki kulizima. Wengi wenu mlizaliwa kambini, ambako nje ya bustani ndogo kando ya nyumba hapakuwa na shamba la kulima. Mlijua kadi ya posho kabla ya kujua jembe. Si kosa lenu. Na si ajabu mnataka kuruka ngazi.

Sisi tunasema trakta ije, lakini tuitume kazi yake. Kulima shamba la pamoja na ya upande wa barabara kabla ya mvua, hiyo tuikodishe hata msimu huu, kwa hesabu ya hektari iliyomalizwa, si kwa feza ya kutangulia. Kung'oa visiki ng'ambo ya kijito, tuweke siku moja kila mwezi wa kiangazi. Majirani walio na vipande vidogo vinavyogusana wakubaliane kupanda mistari mirefu ya pamoja, mipaka ibaki kwa vigingi na kila mtu avune yake. Siku tutakapokuwa na vipande vya hektari 2 na kuendelea, bila visiki, na kijana wawili waliofundishwa ufundi, tutanunua ile trakta ndogo ya magurudumu mawili na mashine ya mistari miwili. Kama mashamba yataendelea kukua, watoto wenu watahesabu upya. Njia ya kuhesabu tumekwisha kuwapa.

Wapendwa memba, tulitoka Kigoma na meli, wengine na mabati mgongoni, wengine na mtoto na godoro tu. Hakuna aliyerudi na mtaji. Sanduku hili ni mia mia ya kila mmoja, ya mwenye nguvu na ya mjane, sawasawa. Basi lisinunue kifaa kinachomfaa yule mwenye shamba la barabarani peke yake.

Komite imemaliza. Maswali yapo, tuyapokee sasa, halafu tupige kura kwa kuinua mikono. Tumemwomba shangazi yetu aliyeuliza lile swali akae mbele na kuhesabu mikono. Amekubali.